Mbwa wa Anti Sheila

Mwezi uliopita nilikwenda hospitali kuchukua betri za kifaa changu cha sikioni. Kwenye benchi alikaa dada mmoja wa Bukavu, barakoa imempanda mpaka chini ya macho, mfuko wa vidonge mapajani. Tulitambuana kwa lugha. Alipoona kwamba nasikia kwa taabu, aliandika swali kwenye simu yake akanigeuzia: "Kaka, mtu akimaliza hii dawa, anarudia kuwa mtu?" Nilitaka kumjibu kwa neno moja, likakosekana. Jina lake likaitwa, akaenda. Ninaandika haya kwa ajili yake, na kwa yeyote aliyeambiwa kwamba kifua kikuu chake ni sugu na ajiandae kwa miaka miwili.

Ugonjwa wenyewe sitaueleza, hiyo ni kazi ya madaktari. Nitaeleza yaliyonipata mimi, Musafiri, fundi wa simu, mzaliwa wa Uvira, Kongo, ambaye katika miaka hiyo miwili nilimshuku kila mtu aliyenitakia mema. Na nitamweleza mbwa mmoja ambaye hakuwa wangu.

Kikohozi kilianza mwaka 2011, joto la Durban lilipoanza kupungua. Nilikuwa na meza yangu ya kutengeneza simu kwenye kona ya duka la nguo, mtaa wa Overport. Kazi ya simu ni ya macho na masikio. Ukishabadilisha spika unaiweka simu sikioni, unasikiliza kama sauti imekaa sawa au inakwaruza. Niliifanya kazi hiyo nikikohoa, nikiwaambia wateja ni vumbi la nguo. Nilitoboa tundu jipya kwenye mkanda wangu kwa chuma cha moto cha kuunganishia waya, kisha la pili, kisha la tatu. Shati lililokuwa likinibana kifuani likawa linapepea.

"Papa Neema, utakufa na hiyo kiburi," mke wangu Zawadi aliniambia. "Mi sitaki kulea mtoto peke yangu kwa inchi ya watu. Twende."

Haikuwa kiburi. Ilikuwa woga wa kuandikishwa. Mwaka 2008, wageni walipopigwa na kufukuzwa nchi hii, nilishajifunza kwamba jirani anayekusalimia Jumatatu anaweza kukuonyesha kwa kidole Ijumaa, na tangu hapo sikupenda jina langu likae kwenye daftari la mtu yeyote. Kliniki ni madaftari kila mahali. Tulikaa kwenye benchi ndefu chini ya madirisha yaliyoachwa wazi makusudi, baridi ikituingia shingoni, watu thelathini tukitazama mlango mmoja. Muuguzi alipoliita jina langu alilivunja vipande viwili, mwenzake akacheka. Nikasema moyoni: tayari wameanza.

Siku ya majibu, muuguzi alifunga mlango nyuma yangu. Wengine wote aliwahudumia mlango ukiwa wazi.

Nililazwa hospitali ya kifua kwa miezi mitano na siku kadhaa. Sindano ilikuwa kila siku, Jumatatu mpaka Ijumaa, leo tako la kulia, kesho la kushoto, mpaka pande zote mbili zikawa na mabonge kama mbegu za maembe na nikawa nalala kifudifudi. Jumamosi na Jumapili hakuna sindano. Sijawahi kuipenda Jumamosi kama nilivyoipenda mle ndani. Zawadi alikuja Jumapili baada ya kanisa, akasimama upande wa pili wa baraza kwa sababu ndivyo sheria ilivyotaka, akanieleza habari za nyumbani kwa sauti ya juu. Neema, binti yetu wa miaka tisa, hakuruhusiwa. Alinitumia michoro. Kwenye kila mchoro nilikuwa mnene.

Mwezi wa tatu masikio yakaanza kulia. Ulikuwa mlio mwembamba, kama wa televisheni ya zamani iliyoachwa kwenye stesheni isiyo na picha. Sikumwambia mtu. Mgonjwa wa kitanda cha jirani alikuwa ameninong'oneza kwamba wanaoharibika masikio hubadilishiwa dawa na kuanza kuhesabu upya, siku ya kwanza, kana kwamba hawakuwahi kuugua. Nilimwamini yeye kuliko madaktari. Alikuwa hana koti jeupe.

Kila mwezi walitupima usikivu, maana sindano ile hula masikio. Unaingia kwenye kijumba chenye dirisha la kioo, unavaa hedifoni, na kila usikiapo mlio unabonyeza kitufe. Nje ya kioo alikaa binti mmoja na mashine yake. Mara ya kwanza nilisikia vizuri. Mara ya pili niliona kwamba mkono wake unaonekana kwenye mng'ao wa kabati la chuma nyuma yake, na kwamba kidole kikishuka ndipo mlio unapokuja. Basi masikio yalipoanza kulia nikawa nabonyeza kwa kufuata kidole. Mara ya tatu na ya nne sikusikia karibu chochote, na nikafaulu.

Ninakuomba wewe unayesoma: usifanye nilivyofanya. Mlio ukianza, sema siku hiyohiyo. Niliwashuku watu waliokuwa wakijaribu kunilindia masikio, nikawadanganya kwa ufundi mkubwa, na nilipotoka pale Oktoba, makohozi yakiwa safi, nilikuwa siwezi kumsikia mke wangu akiniita kutoka mlangoni.

Tulikuwa tunaishi vyumba viwili nyuma ya nyumba ya Anti Sheila, Mhindi mjane wa miaka sitini na kitu. Mjane mpya. Mumewe, Anko Roy, alifariki nikiwa wodini. Nilimkuta Anti Sheila amekonda karibu kama mimi, na nilimkuta mbwa wa mumewe, Rani, jike la rangi ya kahawia lenye miguu mirefu na masikio makubwa yaliyosimama, amelala chini ya gari ambalo hakuna aliyeliendesha tena.

Sikuwahi kuwapenda mbwa. Kwetu Uvira mbwa ni wa walinzi na wawindaji, hagusi mtu wala mtu hamgusi. Hapa Durban niliwajua wa aina nyingine. Mwaka wangu wa kwanza nilizunguka Bluff, mtaa wa Wazungu, nikiomba kazi ya bustani, na mbwa wa nyumba moja alinirarua suruali na sehemu ya paja huku mwenye nyumba amesimama kwenye veranda na kikombe chake mkononi. Niliamini mbwa wa nchi hii wanajua rangi ya mtu.

Siku zangu zikawa hivi. Asubuhi Zawadi ananipangia vidonge kumi na saba mezani, anangoja nimeze, anakwenda saluni kusuka nywele za watu mpaka jioni. Neema anakwenda shule. Ninabaki. Baada ya nusu saa tumbo linageuka, ninakimbilia mferejini nyuma ya chumba na kuinama hapo, jasho likinitoka, nikiogopa kutapika dawa kwa sababu ukiitapika ni lazima uimeze tena. Kisha ninakaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni na kuwatazama watu wakisema mambo nisiyoyasikia.

Asiyesikia huona mengi, na anayoyaona huyajaza maneno mwenyewe. Nilimwona Anti Sheila langoni na majirani wawili, wakitazama upande wetu. Nikajaza. Nilimwona Zawadi kwenye simu, akitabasamu, na aliponiona akageuka mgongo. Nikajaza. Nilimwona Shemasi Deo wa kanisa letu, mtu wa suti zilizopigwa pasi, aliyemrudisha Zawadi na Neema kwa gari lake kila Jumapili, akiinama kuzungumza na mke wangu karibu na dirisha la gari, na wote wawili wakanyamaza nilipotoka. Hapo nilijaza zaidi.

Wiki ya pili Zawadi aliniandikia kwenye daftari la Neema, ambalo ndilo lililokuwa mdomo wa nyumba yetu: "Anti anaomba Rani akae kwetu muchana. Tangu mume wake alikufa haiko anakula. Anasema labda mtu akiwa karibu."

"Kwa nini kwangu?" nikasema.

Zawadi aliinua mabega.

Mimi nilijua kwa nini. Nilimwambia, na sikujua sauti yangu ilikuwa kubwa kiasi gani: "Anataka kuona kama ugonjwa unaruka. Anamleta mbwa kwanza. Mbwa akikohoa, kesho tunatolewa."

Zawadi alilivuta daftari. Kisha akaandika: "Papa Neema, una nini?"

Rani alikuja bila kungoja ruhusa. Alilala hatua kama sita kutoka kiti changu. Nilimtupia kandambili, akasogea mpaka hatua nane, akalala tena. Siku ya pili alirudi kwenye sita. Anti Sheila aliacha bakuli la wali na mabaki ya kuku karibu na ngazi, na mbwa hakuligusa. Nililichungulia bakuli lile. Nilifikiri labda kuna kitu ndani yake.

Sikumbuki ni siku gani hasa nilipogundua. Nilikuwa nimerudi kutoka mferejini, mdomo mchungu, nikajilazimisha vijiko viwili vya uji. Rani aliinuka, akalisogelea bakuli lake, akala kidogo sana. Nilipoweka kijiko chini, akaacha. Nikala kingine. Akala. Nilidhani ni bahati. Kesho yake nilimjaribu kama ninavyojaribu simu, nikibadilisha kitu kimoja kimoja, na majibu yakawa yaleyale. Alikuwa anamngoja mtu wa kula naye. Nilikasirika, maana mimi nilikuwa nimeshaamua kutokula, na sasa palikuwa na mnyama ananitazama mdomoni.

Tukawa tunakula. Ninasema hivyo tu, sina maneno makubwa. Mwishoni mwa Novemba, joto na unyevu vimesharudi, nilifunga mkanda kwenye tundu la pili.

Na masikio yake yakawa kazi yangu. Rani akilala mbele yangu, yale masikio mawili makubwa yaligeuka kila upande kama antena, na mimi nikajifunza kuyasoma. Sikio la kushoto, mtu yuko uani. Yote mawili mbele, mtu yuko langoni. Nywele za mgongo zikisimama, mgeni. Mkia ukipiga sakafu, Neema anatoka shule. Kwa mara ya kwanza tangu hospitali niliweza kuufumbia macho mlango, maana kulikuwa na mtu wa zamu. Moyo wangu, ambao kutwa nzima ulikuwa unaruka kila kivuli kikipita, ulianza kutulia mchana. Niliweza kusinzia. Kama ulishawahi kukaa miezi bila kusinzia utajua ninachosema.

Lakini mtu mwenye shaka ukimpa taa ataitumia kutafutia mwizi. Jumapili moja ya Desemba gari la Shemasi Deo lilisimama langoni. Nilimtazama Rani, si gari. Masikio yake yakaenda mbele, na mkia ukaanza kupiga. Akainuka, akakimbia mpaka langoni, akamzunguka Deo miguuni, akimlamba vidole, akilia kwa furaha. Deo alikuwa ameshika mfuko wa machungwa. Aliinama akamkuna nyuma ya sikio, mahali hasa anapopenda kukunwa.

Mbwa huyu hakumjua mtu yeyote wa kanisa letu. Basi alimjuaje Deo, aliyekuwa akiishia garini kila Jumapili?

"Mbwa anakujua!" nilipiga kelele. "Ulikuwa unakuja hapa! Mimi niko hospitali natobolewa sindano, wewe uko hapa kwangu!"

Sauti yangu sikuisikia, lakini niliona pazia la jikoni kwa Anti Sheila likisogea. Niliona Neema akiziba masikio. Deo alifungua mdomo, akamtazama Zawadi, Zawadi akatikisa kichwa kumkatalia. Kutikisa kichwa kule kulinimaliza. Deo aliweka machungwa juu ya ukuta na kuondoka.

Zawadi hakupiga kelele. Alichukua daftari akaandika kwa herufi ndogo: "Umeniaibisha mbele ya mtoto. Siwezi kukwambia ile kitu kwa sababu haiko yangu. Naenda kwa dada yangu Pinetown."

Kesho yake alipanga vidonge vyangu vya wiki nzima kwenye trei ya mayai, kila siku kwenye shimo lake, akamshika Neema mkono, wakaenda kupanda teksi.

Ile trei niliitazama siku nzima. Nilijiuliza: amevipanga yeye, nitajuaje ni vyenyewe? Vidonge vyangu nilivijua kwa rangi na umbo kama ninavyojua skrubu za simu, na bado nilijiuliza. Sikumeza. Siku ya pili sikumeza. Sikupika, sikuoga, sikufungua dirisha. Rani aliingia ndani, jambo ambalo hakuwa amelifanya kamwe, akalala juu ya miguu yangu kitandani. Sikuwa na nguvu ya kumfukuza. Alikuwa mzito na alikuwa wa moto. Siku ya tatu ikapita hivyo.

Siku ya nne nilitoka kwenda chooni, nikaliona bakuli lake. Chakula cha siku zote kilikuwamo, kimekauka, sisimizi wamejipanga. Mbavu zake nilizihesabu bila kumgusa. Ghadhabu ikanipanda.

"Kula, we mnyama!" nikamwambia. "Mimi si Roy! Roy amekufa! Kula!"

Alinitazama tu. Nilirudi ndani nikawasha jiko, nikasonga ugali, nikafungua kopo la samaki. Niligawa sahani mbili. Nilikaa sakafuni, nikala tonge la kwanza, naye akaanza. Tulimaliza vyote. Alilamba sahani yake, kisha akalamba na yangu, na mimi, mtoto wa Uvira, sikumzuia. Nililia pale sakafuni kwa muda ambao siwezi kuutaja. Nilipomaliza kulia nilijua jambo moja tu: kwamba nimeruka dawa siku nne na ni lazima nikaseme.

Sikuthubutu kwenda peke yangu. Nilikata kamba ya kuanikia nguo, nikamfunga Rani shingoni, tukatoka langoni. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kutembea mtaani tangu nitoke hospitali. Watu wa Overport hawakunisalimia mimi, walimsalimia mbwa, lakini walipomaliza naye walilazimika kuinua macho. Bibi mmoja mwenye mfuko wa mboga alituangalia akacheka kwa wema. Ilinichukua robo ya njia kuamini kwamba ulikuwa wema.

Kliniki mbwa haingii. Mlinzi wa getini alinionyesha kwa mikono nimfunge kwenye uzio penye kivuli, na nilipogeuka nyuma nilimwona amepiga magoti, anamnywesha maji kwenye mfuniko wa ndoo.

Muuguzi, Sista Thandeka, ndiye aliyekuwa na faili langu. Alikuwa Mzulu wa makamo, mwenye sura ya kukemea. Nilimwambia kila kitu kwa mkupuo: siku nne za vidonge, na kijumba cha kioo, na kidole cha yule binti. Nilingoja aite mtu anikamate. Alivua miwani.

"Eish, bhuti," yaani jamani kaka, niliyasoma kwenye midomo yake. Kisha akavuta karatasi akaandika kwa Kiingereza chepesi, ambacho nakitafsiri: "Je, unaona kama watu wanakusema? Wanakupangia ubaya?"

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

Niliwaza. "Tangu mwezi wa tano wa dawa. Kabla ya hapo kidogo. Sasa sana."

Aliandika tena, akanigeuzia karatasi: "Kidonge kimoja kati ya hivi kinaweza kumfanya mtu awe hivyo. Ulipaswa kuambiwa. Daktari atakibadilisha leo. Usiondoke."

Karatasi ile ninayo. Niliisoma mara nyingi nikingoja daktari, na kila mara nilijiuliza swali ambalo hakuna aliyenijibu mpaka leo: ni zipi zilizokuwa shaka za kidonge na zipi zilizokuwa zangu? Maana Anti Sheila, nilikuja kujua, aliombwa kweli na majirani wale wawili atutoe. Hilo sikulibuni. Nilichojaza vibaya ni jibu lake. Aliwaambia waende wakatazame nyumba zao.

Nilimwandikia Zawadi ujumbe mfupi: "Nimekosea. Wamebadilisha dawa. Rudini mkitaka." Alikuja Jumamosi, na hakuja peke yake. Rani aliwahi langoni, mkia unapiga, na nyuma ya Zawadi aliingia Shemasi Deo bila suti, amevaa fulana.

Alikaa mbele yangu, akahakikisha namwona uso. Kisha akatoa mfukoni kadi, akaiweka mezani. Niliijua rangi yake kabla sijaisoma. Hospitali ileile, wodi ileile, miaka miwili kabla yangu.

"Kanisani nilisema nimeenda Cape Town kutafuta kazi," alisema polepole, nami nikamfuata neno kwa neno. "Hata mama yangu anajua hivyo. Nilikuwa kile kitanda cha dirishani. Mama Neema aliponieleza wewe uko wapi, nikamwambia ukweli, nikamwapisha. Nilikuwa nakuja hapa kumwonyesha vile vidonge vinapangwa kwa trei ya mayai. Vile mke wangu alikuwa anafanya. Mbwa nilimpa mifupa kwa sababu alikuwa analia, na Anti Sheila alikuwa kwa msiba." Aliigeuza kadi ile ikatazama chini. "Niliogopa wataninyang'anya ushemasi, ndugu yangu. Nikakuacha peke yako. Unisamehe."

Basi siri ilikuwepo kweli. Mimi niliipa jina lisilo lake. Nilimshika mkono Deo juu ya meza, na yeye akageuza kichwa kidogo kumleta Zawadi upande wa sikio lake la kulia, na ndipo nilipoelewa kwa nini siku zote alizungumza na watu kwa kuinama.

Zawadi hakunisamehe siku hiyo. Alirudi nyumbani, akapika, akalala akiwa amenipa mgongo kwa wiki kadhaa. Alikuwa na haki. Kuna maneno niliyoyasema langoni ambayo Neema bado anayakumbuka, na kidonge hakiwezi kuomba msamaha kwa niaba yangu.

Niliendelea kumeza mpaka majira ya baridi ya mwaka 2013. Asubuhi na jioni nilitembea na Rani mpaka chini ya mtaa na kurudi, mwanzoni nikipumzika kila kona, baadaye nikipanda kilima cha mtaa bila kusimama. Mvua ya Januari tulitembea, upepo wa Agosti tulitembea. Hospitali ilinipa kifaa cha sikio moja, ambacho hunisikilizisha milango na magari kuliko watu. Nilirudi kwenye meza yangu ya simu. Vioo ninabadilisha, betri ninabadilisha, na ikiwa ni spika ninamwambia mteja ajisikilizie mwenyewe. Shaka hazikuniisha zote. Nikiwaona watu wawili wanaongea wakinitazama, moyo bado unajaza. Tofauti ni kwamba sasa ninawaendea na kuuliza.

Sikwambii utafute mbwa. Wengine hawana uwanja, wengine dini haiwaruhusu, na mbwa ni mdomo mwingine wa kulisha. Nakwambia tu kwamba nilihitaji kiumbe ambacho hakina midomo ya kusoma.

Mwaka 2014 Anti Sheila aliuza nyumba ili ahamie kwa binti yake Johannesburg, kwenye ghorofa. Alikuja mlangoni kwetu akasema, akinitazama usoni kama alivyozoea kufanya, "Musafiri, Rani abaki nanyi."

Palepale nikaona: mbwa amezeeka, daktari wa wanyama ni ghali, anatutupia mzigo. Lakini nilikuwa nimeshaapa kuuliza.

"Anti, kwa nini unanipa?"

Midomo ilimtetemeka, ikawa vigumu kuisoma, akalazimika kurudia.

"Sikupi. Alishakwenda. Nilikuazima Rani mchana tu, ili ale. Kila jioni mwaka mzima nilisimama kwenye mlango wa jikoni nikamwita, na hakuja. Alikuwa wa Roy. Ndicho kitu pekee cha Roy kilichokuwa bado kinapumua. Ulidhani haikuniuma?"

Sikuwa nimedhani lolote. Mlango ule ulikuwa nyuma ya kiti changu. Miaka yote ile nilimchunga mama huyu nione atanichukulia nini, na kila jioni alikuwa akiita nyuma ya mgongo wangu na mimi sisikii.

"Anti, nisamehe," nilisema. "Ungeniambia."

"Ulikuwa unakula," alijibu.

Siku ya kuondoka kwake gari la mizigo lilitangulia. Nilimfungua Rani kamba. Anti Sheila alichuchumaa langoni kwa shida, akiwa ameshika ukuta, na Rani akamwendea taratibu, akaweka kichwa chake chote mapajani mwake. Anti aliinama mpaka nywele zake nyeupe zikagusa yale masikio, akaanza kumwambia jambo refu. Midomo yake niliiona vizuri kabisa kutoka pale nilipokuwa. Nikawageuzia mgongo, nikatazama ukuta, nikangoja mpaka Zawadi aliponigusa bega.